Visima vya Mbishi

Binti huyu nyumbani walimwita Mbishi, maana hata chumvi ya mboga ilimpa la kusema. Alipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili, Mungu wangu, ulimi ukamganda. Kila alichosema msimamizi wa utafiti wake, mzee mmoja wa miwani, yeye aliitikia tu, "Ndiyo, Profesa." Kwao mwalimu habishiwi. Basi utafiti wake wa visima vya vijijini ukapunguzwa kidogo kidogo, hadi mzee akataka aviache kabisa, aandike juu ya mabomba ya mjini.

Jioni alimpigia mama yake simu, analia.

"Wee! Kwangu mdomo kama cherehani, huko umekuwa bubu?" mama akamcheka. "Adabu si kunyamaza, mwanangu. Sali, kisha kaseme naye."

Asubuhi alisali, akaenda ofisini kwa mzee, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Samahani, Profesa. Hapo pa kuviacha visima sikubaliani nawe. Maji ya kisima nimeyachota tangu utotoni, najua yanavyogeuka mvua ikinyesha. Hayo ndiyo nataka kuyapima."

Mzee akavua miwani. "Mbona siku zote hukusema? Nilidhani huna lako."

"Nilikuwa nakuheshimu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, halafu akambana kwa maswali. Binti akayajibu yote, sauti imemtulia. Alipoaga, visima vilikuwa vimerudi kwenye utafiti, na mzee alimfuata hadi kwenye ngazi, bado anamuuliza habari za mvua.