Wajina Hapandi Juu

Binti yangu alikuwa na miaka sita aliponitangazia, huku anatafuna muhogo wa kukaanga, kwamba anataka kupanda ile meli ya kubembea, ila hawezi.

"Huwezi au hutaki?" nikamuuliza.

"Nataka, baba. Siwezi. Nimefuata jina."

Meli yenyewe iko kwenye bustani ya michezo kando ya ziwa. Ni meli isiyogusa maji. Imening'inizwa kwenye nguzo za chuma na inabembea huku na huku mpaka pua yake inatazama mawinguni, na watoto waliokaa upande wa pili wanajikuta wanatazama ardhi. Siku za Jumapili kelele zao zinafika mpaka barabarani. Karibu darasa zima la binti yangu lilikwishaipanda, na kila Jumatatu wenzake walikuwa na habari mpya ya nani kalia, nani katapika na nani kapoteza kiatu. Yeye alibaki kusikiliza.

Na hilo la kufuata jina halikuwa jambo dogo nyumbani kwetu. Binti yangu amerithi jina la mama yangu mzazi, anayeishi Magu. Tangu yuko kwenye nepi nilikuwa namwita "mayu", kama ninavyomwita mama yangu kwa Kisukuma chetu, na mama yangu naye anamwita "wajina". Akiamka kabla ya jogoo, kafuata jina. Akikataa chai isiyo na maziwa, kafuata jina. Ukoo mzima ulikuwa unamsoma mtoto yule kwa kumtazama bibi yake, na bibi yake alijulikana kote kwamba hapandi juu.

Ushahidi ulikuwepo. Enzi zile wanakijiji walipokuwa wakienda mjini juu ya lori la pamba, mama alitembea kwa miguu. Mdogo wangu alipooa, sherehe ikafanyika kwenye ukumbi wa ghorofani, mama alikaa chini getini na mlinzi, akaletewa pilau yake hapohapo. Shangazi wa mtoto, yaani dada yangu, husimulia habari ile kila msiba na kila harusi. Watu hucheka, na mama huwa anacheka nao.

Mimi ni fundi friji. Mtu akiniletea friji na kuniambia limekufa, huwa silii naye. Nalifungua. Mara nyingi nakuta waya tu umekatwa na panya. Kwa hiyo nilipomsikia mtoto wangu anajihukumu kwa hitilafu ya friji la mtu mwingine, nilipandwa na hasira.

"Upuuzi mtupu!" nikasema. "Jina halina miguu, litaogopaje kupanda?"

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Si wewe uliyesema juzi kafuata jina, alipogoma kupanda ngazi ya kule kwa kaka?"

Nikajifanya nimeitwa nje.

Katikati ya wiki, nikitoka kutengeneza jokofu la mteja, nilipita kwenye ile bustani nikasimama kwenye uzio kama mpelelezi. Nilitazama nguzo, nikatazama nati, nikasikiliza mota. Halafu nikaanza kuwatazama watoto wenyewe, na hapo ndipo nikagundua jambo. Waliopanda wakiwa wamefumba mdomo walishuka wamebadilika rangi. Waliopiga kelele walishuka wanacheka na kuomba kurudia. Nikarudi nyumbani kwetu Kiseke na nadharia yangu: meli ikishuka, tumbo linapanda, na likikuta mdomo umefungwa linarudi kwa hasira. Mpaka leo sijui kama ni kweli, lakini niliiamini kama Biblia.

Mafunzo yakaanza na beseni la kufulia. Mtoto anakaa ndani, mke wangu anashika upande huu, mimi ule, tunalibembeza pale uani. "Fungua mdomo, mayu! Piga kelele!" Naye anapiga. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akatutazama kwa muda, akauliza kama mtoto ana degedege.

Tulipochoka na beseni tukahamia kwenye mawe. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa lenye mteremko laini, limelainishwa na makalio ya watoto wa miaka mingi. Unakata dumu la mafuta ya kula, unalikalia, unajiachia. Nikatangulia mimi ili kumwonyesha, na suruali yangu ya kazi ikaachia mshono mbele ya vijana wa mtaa. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapanda mwenyewe, akajiachia mdomo wazi, akarudi juu, akajiachia tena. Jioni ile nilimbeba nyumbani nikiwa na fahari isiyo na kifani.

"Basi Jumapili tunakwenda kwenye meli," nikamwambia.

Akaniuliza, "Umemwomba wajina?"

"Nimwombe nini?"

"Jina ni lake. Mimi nikipanda nalo juu, yeye kule Magu si atasikia kizunguzungu? Akianguka je, yuko peke yake?"

Nilisimama palepale njiani. Kumbe siku zote nilikuwa nafundisha tumbo, na tumbo halikuwa na neno. Mtoto hakuogopa meli. Aliogopa kumwangusha bibi yake. Na mtu aliyemwambia kwamba yeye na bibi ni kitu kimoja ni mimi, kila nilipomwita mayu.

Tukapiga simu usiku huohuo, sauti tukaifungulia wote tusikie.

"Shikamoo, wajina."

"Marahaba, wajina wangu. Umekula?"

"Nimekula. Wajina, mimi nikipanda juu, wewe huko utasikia kizunguzungu?"

Tukasikia mbuzi analia huko Magu.

"Nani kakuambia mimi nasikia kizunguzungu?"

"Baba. Na shangazi. Na watu wote."

"Mpe baba yako simu."

Nikaichukua simu kwa mikono miwili, kama vile ananiona.

"Ijumaa nakuja huko," alisema, akakata.

Akaja kweli, na kuku aliyefungwa miguu na mfuko wa mchele mpya. Alikula, akaoga, akakaa kwenye mkeka na wajina wake akamlalia mapajani. Mimi nilikuwa na swali linaniwasha toka ile simu, na cha kushangaza ni kwamba katika umri wangu wote sikuwahi kumuuliza. Wala dada yangu, mwenye hadithi zote, hakuwahi.

"Mayu, kwani huko juu unaogopa nini?"

Alimtazama mke wangu kwanza. Alipoanza kusimulia, alimsimulia yeye na mtoto. Mimi nilikuwa kama nimekaa hapo kwa bahati mbaya.

Alisema utotoni hakuna aliyemshinda kuteleza kwenye mawe, hata kaka zake. Wakati huo hakukuwa na madumu, walikalia matawi ya miti. Siku moja aliteleza akiwa na gauni lake la kanisani, gauni likapanda mpaka kichwani, na chini ya jiwe walikuwa wanapita wanaume wanaotoka mnadani na ng'ombe wao. Walicheka, na mmoja akasema maneno. Habari ikamfikia mama yake, akachapwa, akaambiwa msichana aliyekwishatazamwa hapandi tena mahali. Tangu siku ile, kila alipotakiwa kupanda alijiuliza kitu kimoja tu: nani yuko chini?

"Lile lori la pamba," alisema, "wanawake walikuwa wanasukumwa makalioni ndipo wafike juu. Mkono wa nani, hujui. Nikaona miguu ninayo."

"Na ukumbi wa harusi?" nikauliza.

"Hukuziona zile ngazi? Za chuma, zina matundu, ukiwa chini unaona kila kitu. Na vijana wenu walikuwa wamekaa chini yake kwenye kreti za soda. Nikasema siwezi kupanda. Nyie mkasema naogopa. Nikaona acha tu. Kuitwa mwoga ni rahisi kuliko kueleza."

Niliona aibu, na nyuma ya aibu nikaona huzuni. Nilizikumbuka zile ngazi vizuri. Mimi mwenyewe nilipanda na kushuka mara nyingi siku ile nikibeba viti, na sikuona matundu. Vicheko vyote vile misibani na harusini, naye akicheka nasi, vilinirudia. Mke wangu alisema polepole, "Mama, hata mimi zile ngazi nilipanda nimeibana sketi kwa mkono."

Binti yangu aliinuka, akamtazama bibi yake kwa mshangao mkubwa.

"Kwani hukuwa na traki?"

Mama yangu alicheka hadi machozi. Lakini mtoto hakutania. Alikwenda chumbani akarudi na traki ya mama yake, nyeusi yenye mistari mieupe pembeni, anayovaa akienda kukimbia asubuhi.

"Suruali? Mimi? Wa kanisani wakisikia?"

"Magu ni mbali, mama," mke wangu akasema.

Aliivalia chumbani, chini ya gauni lake, mlango umefungwa. Alipotoka alitembea sebuleni akitazama miguu yake kana kwamba ni ya mgeni. Kisha akapanda juu ya stuli, akashuka. Akapanda tena. "Kumbe," alisema, na hakuendelea.

Jumapili tulikwenda baada ya ibada. Bibi na mjukuu walikaa kiti kimoja cha pembeni kabisa, chuma cha kuwazuia kikashushwa mapajani. Nilimwambia mwendeshaji akikague tena, akakikagua, nikamwambia tena, akaniomba nitoke. Nikasimama kwenye uzio na mke wangu, nimeshika mkoba wa mama na kandambili za mtoto.

Meli ilianza taratibu. Mara ya kwanza walitutazama, wakatupungia. Meli ikapanda, ikarudi, ikapanda zaidi, na nikauona mdomo wa binti yangu. Ulikuwa umefungwa kama mfuniko wa chupa. Nilipiga kelele, "Fungua, mayu, fungua!" lakini wapi! Beseni, dumu na nadharia yangu yote vilikuwa vimekwenda na upepo wa ziwa. Alishikilia kile chuma kwa mikono yote na macho yake yalinitafuta kila meli iliposhuka, na mimi kila iliposhuka nilikufa kidogo.

Iliposimama nilimtoa mwenyewe. Alining'ang'ania shingoni. Nikamkumbatia, nikaogopa kuuliza, lakini nikauliza.

"Ni kwa ajili ya wajina? Uliogopa ataanguka?"

Alitikisa kichwa. "Wajina haogopi. Nimemwangalia, haogopi kabisa." Akavuta pumzi, akasema kama mtu aliyekuta kitu chake mwenyewe mfukoni, "Ni mimi, baba. Mimi ndiyo sijaipenda."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa mtoto wangu kushindwa jambo. Nilimwambia ni sawa, kwamba asiyeipenda haipandi. Akakubali, akaomba kandambili zake.

Ndipo mke wangu akanigusa bega. "Mama yako hajashuka."

Alikuwa amekaa palepale pembeni, peke yake sasa, watoto wa watu wakijipanga kwenye viti vingine. Alimwonyesha mwendeshaji kwa kidole kwamba mkwewe atakata tiketi nyingine. Mke wangu akaenda mbio. Nilimweka binti yangu mabegani ili aone vizuri, na meli ikaanza tena.

Mama alikaa wima kama yuko kanisani. Mkono mmoja ulishika chuma, na mwingine, kwa mazoea ya maisha yake yote, ulikuwa umelibana gauni magotini. Mdomo wake nao ulikuwa umefungwa. Meli ikapanda, ikapanda, na mabegani mwangu nikasikia mtoto anakusanya pumzi.

"Wajina! Fungua mdomo! Baba kasema ukifunga utatapika!"

Watu wote kwenye uzio waligeuka kututazama, kisha wakatazama juu. Mama alisikia. Pua ya meli ilipofika mawinguni aliliachia gauni, likapeperuka likaonyesha traki yote na mistari yake mieupe, mbele ya umati mzima uliokuwa chini. Hakulishusha. Aliinua mkono uliokuwa mtupu, akaufungua mdomo, akapiga kigelegele kirefu, na aliendelea nacho meli ikishuka na ikipanda tena.