Chatu Aliyezoea Mkono

Juzi sokoni Mlandege nilimwona muuza mikanda akipitisha ngozi mpya ya chatu kiganjani, nikamkumbuka mtoto wa chatu aliyejificha nyuma ya banda letu la kuku. Kila nikimgusa aliniuma. Ami, mdogo wake baba, akaniambia, "Mzoeshe mkono taratibu, mwanangu. Akishatulia, atakuwa wetu."

Kila alasiri nilimshika, harufu ya mavi ya kuku ikinijaa puani, mpaka akawa anapanda mwenyewe kiganjani kutafuta joto.

"Ami, kashanizoea!"

Ami akanyoosha mkono. Chatu akaupanda bila woga, naye akamtia guniani. Nilidhani anamtengenezea pa kulala, mpaka niliposikia mchi ukilipiga gunia uani. Kumbe alitaka tu kumuua bila kuumwa.

Hadi leo Ami akiniita naitika, "Naam." Lakini mkono simpi.