Maji Yanayozunguka Sebuleni

Sisi watu wa Newala tukiingia nyumba ngeni, jicho la kwanza huenda kwenye mapipa ya maji. Mama yangu alipokuja kutoka Chilangala kukaa nami mjini baada ya msimu wa korosho, hakuyatazama mapipa. Alisimama sebuleni mbele ya tangi langu la samaki, mkoba ungali mkononi, hata shikamoo yangu akachelewa kuiitikia.

"Marahaba, mwanangu. Haya maji ya nani?"

"Yangu, Mama," nikajibu kwa maringo.

Nina maringo, sikatai. Tangi lile nililijenga mwenyewe, mimi mwalimu wa fizikia, kwa kutazama video kwenye simu. Tundu nilitoboa katikati ya kioo cha nyuma, nikikidondoshea maji ili kisipasuke, na bado cha kwanza kilipasuka. Kutoka kwenye tundu bomba linashuka hadi kwenye pampu iliyofichwa kabatini, pampu inayasukuma maji, nayo yanapanda na kuingia tena tangini kwa juu. Mzunguko wote umefungwa, hakuna tone linalotoka nje. Wageni wakija nilikuwa nawafungulia kabati waone, hata wasiotaka kuona.

Mama naye nikamfungulia. Akainama, akafuata bomba kwa kidole toka chini hadi juu.

"Kwa hiyo hayaishi?"

"Hayaishi, Mama. Ni hayo hayo, yanazunguka tu."

Nilipaswa kumweleza zaidi. Lakini alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama hata siku nilipohitimu, nikaona raha, nikanyamaza. Huyu ni mwanamke aliyeshuka bondeni kuteka maji tangu akiwa binti, akapanda mteremko ule na ndoo kichwani akiwa na mimba yangu, kisha nami nikimfuata nyuma na kidumu changu. Sasa yuko sebuleni kwa mwanawe, na maji yanapanda yenyewe.

Jumamosi akaniona nafungua koki iliyo chini ya bomba, nakinga ndoo ya maji machafu ya samaki kwa ajili ya mchicha. Aliibeba yeye mwenyewe kwenda uani. Alipokuwa huko akimwagilia, mimi nilichota kwenye pipa nikajazia tangi. Hilo hakuliona.

Wiki iliyofuata mabomba ya mtaa yakakauka. Si jambo geni kwetu, ila safari hii jirani wa nyumba ya pili alikuwa amejifungua, na nyumba yenye mzazi haikai bila maji ya kufulia. Mama alikwenda kumpongeza asubuhi. Mimi nilikwenda kazini, na mapipa yangu nilikuwa nimeyafunika na kuyafungia stoo, kama nifanyavyo kila mgao ukianza.

Niliporudi nilikuta wanawake wa mtaa wamepanga ndoo kuanzia barazani. Ndani, Mama amekaa kwenye kigoda kando ya kabati langu, khanga kaifunga kiunoni, mkono uko kwenye koki.

"Kingeni, wanangu, msione haya. Haya ya mwanangu hayaishi."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" mmoja akamtania, wote wakacheka. Mama alicheka kuliko wote. Sikumbuki kama niliwahi kumwona mwenye furaha namna ile.

Mimi niliisikia pampu. Ilikuwa inalia kavu, na plastiki ilishaanza kunuka moto. Maji yalikuwa yameshuka hadi usawa wa tundu na hapo yakakoma, kwani bomba halivuti zaidi ya pale. Chini ya tundu samaki walikuwa wanaogelea salama, nafasi tele. Niliyaona yote hayo kabla sijafungua mdomo, na bado niliufungua.

"Mama! Nani kakuruhusu? Mjinga gani anaamini kuna maji yasiyoisha?"

Nilichomoa waya wa pampu. Mama yake yule mzazi, aliyekuwa anakinga zamu yake, alinyanyua ndoo yenye maji kidogo, akayarudisha tangini taratibu, akatoka na ndoo tupu. Wengine wakamfuata. Wala sikumwita. Stoo yangu ilikuwa na mapipa yaliyojaa, na ufunguo ulikuwa kwenye pochi yangu.

Mama alifungua khanga kiunoni, akajifunika mabega.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema.

Siku zote mimi kwake ni mwanangu. Mwalimu ndivyo waniitavyo watu baki.

Asubuhi hakuwepo chumbani, na ndoo moja haikuwepo jikoni. Nilimsubiri nikiwa nimevaa tayari kwa kazi, na kazini sikwenda. Jua lilikuwa limeshachoma aliporudi, ndoo kichwani, majani ameyatandaza juu ya maji yasimwagike, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Alikuwa ameshuka bondeni kuteka, kama enzi zile. Nilikimbia kumpokea, akanikwepa. Akaitua mwenyewe mbele ya tangi, akaanza kuyamimina kwa kata, polepole, samaki wasishtuke.

Ndoo ikaisha. Maji yalipanda kidogo sana. Mama alirudi nyuma hatua moja, akapima kwa macho kutoka kwenye maji mpaka ukingo wa kioo.

"Bado ndoo ngapi, Mwalimu?"

Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayepanga siku yake. Nami, Mungu anisamehe, kabla ya kumshika mkono, kabla hata ya kumwomba radhi, nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu.