Siku Niliyomwita Ami Yangu Fundi Tu

Mkasa huu nimeusimulia mara nyingi, na kila mara naukata pale watu wanapocheka, mwisho wake naumeza. Leo nitaumaliza, mnihukumu mtakavyo, maana aibu ya kucheka naiweza, ile nyingine ndiyo inayoniamsha.

Ilikuwa hapa hapa Dubai, miaka ile metro haijafunguliwa na sisi wa Rashidiya tunaishi kwa huruma ya mabasi na teksi. Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, kichwa kimenivimba kuliko vitabu nilivyobeba, nikaamua kugombea uofisa wa ubunifu katika chama cha wanafunzi wa upasuaji (msicheke, cheo kilikuwa na beji). Sharti lilikuwa moja: uje na kitu ulichokibuni mwenyewe, ukionyeshe mbele ya wanachama kabla ya kura. Na mimi kubuni sikujui, ninachojua ni kukariri.

Nikaenda kulalamika kwa Ami Hemedi, ndugu yake baba, fundi cherehani wa Satwa tangu mimi sijazaliwa. Nikamweleza kwamba tunajifunza kushona vidonda kwa ndizi na mapaja ya kuku. Akasimamisha cherehani.

"Ndizi? Mgonjwa wenu mtu au mkungu?"

Ijumaa tatu mfululizo, siku zake za kupumzika, alikaa dukani akikata na kufumua, akinitengenezea ngozi ya bandia ya kujifunzia kushona, raba juu, bitana chini yake, halafu sponji, na katikati kapitisha mrija mwembamba wenye maji ya rangi ya chakula, ili ukizamisha kisu kupita kiasi, damu itoke ukome. Nilipoishika ile ngozi nilishtuka, ilikuwa kama mkono wa mtu. Nyuma alitia lebo ya duka lake, ndogo, kama anavyotia kwenye kila nguo inayotoka mikononi mwake.

Sasa sikilizeni nilipoharibu. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kuandika majina ya waliokusaidia, nikaandika: hakuna. Neno moja tu. Nilijiambia Ami hatajua, nilijiambia fomu ni ya Kiingereza, nilijiambia nani ataanza kuwaeleza watu habari za kiduka cha Satwa wakati wenzangu baba zao wana hospitali. Na ukishaandika hakuna, lebo nayo inabidi ing'oke, kwa hiyo asubuhi ya uchaguzi nikaifumua kwa kisu cha upasuaji, najiona hodari, kumbe mshono ule ule ndio ulioshikilia matabaka yote. Yakaanza kuachana. Nikayapaka gundi, nikatia kwenye mfuko, nikasimama juani kungoja teksi, na jua la hapa mnalijua, gundi ikageuka uji.

Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa daktari bingwa mmoja, mzee mkali, koti jeupe mpaka linaumiza macho. Mstari wa mbele alikaa Achieng, rafiki yangu wa Kisumu, aliyenipigia kampeni wiki nzima. Na nyuma kabisa, nani? Ami Hemedi! Kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, duka kafunga siku ya kazi. Mama ndiye aliyemwambia. Akanipungia mkono, mimi nikajifanya natazama saa ya ukutani.

Nikahutubia (nilisema "ubunifu wangu" mara nyingi mno), kisha daktari akasogea karibu aone ninavyokata. Nikakata. Matabaka yakaachana kama mkate uliolowa, mrija ukaruka nje, maji mekundu yakampiga daktari kuanzia mfukoni mpaka kwenye miwani.

"Mgonjwa kafa!" mtu akapiga kelele, ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami kwa kiwewe nikaibana ile ngozi kwa mikono yote miwili, ikazidi kutema.

"Usiibane, mwanangu!" Sauti ya Ami hiyo, kwa Kiswahili, anashuka ngazi huku anachomoa sindano kwenye kofia. "Mshono wa nyuma umefumuliwa! Nani kakwambia ufumue?"

Daktari akafuta miwani. "Huyu ni nani?"

Wote wakanitazama, na nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, ami, lingetosha. Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri, "Ni fundi tu. Huwa ananishonea nguo."

Jamani, Ami ameshona nguo za Waingereza miaka yote hiyo. Kiingereza anakisikia vizuri. Alisimama kwenye ngazi, mguu mmoja juu, mmoja chini, kisha akainamisha kichwa.

"Ndiyo, sir. Fundi tu, sir."

Akaja mezani, akafunga mrija, akapanga matabaka, akashona kwa mkono huku daktari amemwinamia, koti kalisahau. "Nani aliyebuni hii?" daktari akamuuliza. Ami hakuinua uso. Akanielekezea sindano.

"Madam huyu, sir."

Madam! Mimi, niliyebebwa naye mabegani sokoni.

Daktari akanigeukia. "Haya, nieleze. Kwa nini bitana iko chini ya raba na si juu yake?"

Sikujua. Nikasema ni kwa ajili ya uimara, kisha nikasema ni kwa ajili ya usafi. Ami alijua jibu, alikuwa hatua moja kutoka kwangu, na alinyamaza kwa ajili yangu. Ndipo Achieng, bila nia mbaya hata kidogo, akauliza kwa sauti, "Sasa wewe, mbona amekuita mwanangu? Huyo si wa kwenu?" Wa pembeni wakamuuliza kasema nini, akawatafsiria, ikapita mstari kwa mstari mpaka nyuma, na kicheko kikakatika.

Daktari akaiokota fomu yangu, akaisoma, akaiweka kifudifudi. Jina langu likaondolewa kwenye kura. Nimisha, mpinzani wangu, akapita peke yake na kijisanduku chake cha kutupia sindano.

Nilidhani hapo ndipo pabaya. Nilipotoka nilimwona Ami kituo cha basi, kwenye jua kali, kanzu ina madoa mekundu. Wenzangu walikuwa wamesimama pale pale. Nikabaki nyuma ya mlango wa kioo, kwenye ubaridi, mpaka basi likaja likamchukua. Hapa ndipo nisipofika siku zote ninaposimulia.

Wiki mbili zikapita kabla sijaenda Satwa. Nyumbani mama alikuwa ananipongeza, eti Ami kasema nilifanya vizuri sana, ila kura hazikutosha. Nilimkuta Ami dukani anampima mteja kifua. Nikangoja, nikamwomba radhi, nikalia.

"Khalas, usilie," akasema, anatafuta chaki. "Mimi nilikuja kukupigia makofi tu, mwanangu. Hata hayo sikuyapiga."

Akaendelea kupima. Leo nashona watu kweli, na kila anayenishikia hata taa namtaja kwa jina lake, na sitaandika tena "hakuna" mahali alipo mtu. Ami alirudi Unguja mwaka uliofuata. Hajanilaumu hata siku moja, na ningependa anilaumu.