Vita ya theluji Jette: nilivyoiokoa pilau ya harusi ya binti yangu

Wakuu, salaam kutoka Brussels. Kila neno hapa limetokea, mashahidi ni koo mbili nzima.

Mimi ni la saba tu, lakini nina van zangu za usafi hapa mjini, na mgambo nilipitia Tabora. Mambo ya vita msinifundishe.

Binti yangu Neema anaolewa na kijana wa Kikongo. Ugomvi ukawa chakula cha harusi. Mimi pilau. Baba wa kijana, Papa Josué, mwanajeshi mstaafu wa Kivu, anataka fufu na sombe, yaani kisamvu. Hakuna aliyelegea.

Juzi theluji ikaanguka. Vijana wakasema tupigane kwa mabonge kwenye park ya mtaa wetu wa Jette, familia kwa familia. Kila upande unatundika kitenge, kikichukuliwa umepoteza jiko, mshindi ndiye anachagua chakula cha harusi.

Nikawapigisha watu wangu mchakamchaka na nyimbo ili damu ichemke. Wenzetu wamesimama tu na makoti, wanatucheka.

Papa Josué akaniambia, "Papa Neema, batu yako banatoka jasho mbele ya vita. Hii baridi itabakula."

Nikamwona mwoga.

Bwana wee. Tuliposimama tu, jasho likawa barafu mgongoni. Gloves zimelowa, vidole havikunji, bonge linakuangukia mguuni. Napiga simu kutoa order, simu ikazima na charge ilikuwa full. Shemeji yangu alipanda basi, hakurudi.

Ndipo nikaelewa kwa nini majeshi makubwa yanamalizwa na baridi kabla ya risasi.

Nikaamuru retreat mpaka kwenye van. Mke wangu alikuwa na chupa za chai ya tangawizi na maandazi ya moto (huyo mama nilichagua mwenyewe). Nikafungua milango ya nyuma, upepo ukawapelekea harufu.

Akaja mmoja. Wakaja wengine. Mwisho kamanda wao mwenyewe, Papa Josué, pua inavuja, kashika kikombe kwa mikono miwili.

Kitenge chao kikabaki peke yake. Neema akaenda kukichukua, anatembea taratibu kama bibi harusi.

Papa Josué akakitazama, akapuliza chai. "Bon. Pilau. Lakini sombe ikuwe pembeni."

Nikamjibu, "Na wewe utakaa meza yangu, mzazi mwenzangu."

Nilichojifunza: kwenye baridi jasho ni adui, kaa mkavu, na usiende vitani bila chupa ya chai.

Waliowahi kupiga kwata kwenye theluji, shusheni yenu hapa. Ila ushindi kama wangu, sidhani.