Kadi Isiyo ya Mchango

Natengeneza kadi kwa mikono. Mtu akisikia hivyo, swali lake la kwanza ni bei kwa kila mia. La pili ni kama naweza kumtolea mia mbili za send-off ya bintiye kabla ya Ijumaa. Nikimweleza kwamba natengeneza moja moja na kwamba siuzi, ananitazama kwa huruma kidogo, kisha anaulizia afya ya mume wangu.

Kiwanda changu ni meza ya chakula, hapa Ilomba jijini Mbeya, upande usio na mguu mbovu. Nina karatasi za manila, bahasha, gundi, rula ya chuma, wembe, mkasi, na maka peni za rangi nane. Tatu kati ya hizo zimekauka lakini sina moyo wa kuzitupa. Mihuri natengeneza kwa viazi. Kiazi mviringo cha huku kwetu ni kigumu. Ukikikata katikati na kuchonga ua kwa ncha ya wembe, kitagonga hata mara arobaini kabla hakijalegea. Wino ni ule ule wa mihuri ya ofisini, wa bluu na wa zambarau, nanunua stationari. Nimewahi kuchonga ua, njiwa, kikombe cha chai, na kanisa moja lililotoka limefanana na choo cha shule. Kadi yenye kanisa hilo nilimpa mchungaji, akashukuru.

Siku moja mume wangu alirudi na njaa, akakuta mihuri yangu mitatu kwenye sahani, akaikata vipande na kuikaanga. Alikula chipsi zenye kingo za bluu mpaka akamaliza, akasema chumvi imepungua. Nilichonga mingine.

Mbali na kadi, nina kitabu cha kumbukumbu. Ni kaunta buku nene ambalo nimelivalisha kitenge. Ndani nabandika picha, tiketi za basi, vipande vya nguo, hata karatasi ya pipi kama pipi yenyewe ina historia. Pembeni nachora mistari kwa maka peni na kugonga mihuri. Kila mtu wa kwetu ana ukurasa wake. Ni kwa sababu ya kitabu hicho dada yangu alikaa miezi kumi na minne bila kusema na mimi.

Dada amenizidi miaka sita. Anaishi Ilula, pale pale tulipozaliwa, na anauza nyanya kando ya barabara kuu. Mimi nilisomea ualimu, nikapangiwa Mbeya, nikaolewa hukuhuku. Yeye alibaki na mama. Mama alipolala kitandani miaka minne, aliyemgeuza, kumwogesha na kumpeleka kliniki alikuwa dada. Mimi nilikuwa natuma kadi za kumtakia nafuu. Zilikuwa kadi nzuri.

Mama hakupenda kupigwa picha. Iliyokuwepo ni moja tu, ya siku dada alipopata kipaimara. Mama yuko katikati, amekaza uso kana kwamba mpiga picha amemkanyaga. Dada yuko kulia kwake na gauni jeupe. Mimi niko kushoto, nimenuna kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana. Picha hiyo ilitundikwa sebuleni Ilula miaka yote. Siku ya kuanua matanga ya mama nilimwomba dada nije nayo Mbeya, niipeleke studio watutolee nakala, kila mtu awe na yake. Akaitoa ukutani yeye mwenyewe, akaifunga kwenye kanga.

"Irudi kama ilivyo," alisema.

Nia ya kutoa nakala nilikuwa nayo. Jumamosi niliyokwenda studio hapakuwa na umeme. Nikarudi nyumbani na picha, nikakuta ukurasa wa mama ulioshakamilika unanisubiri: maua ya zambarau pande zote, na katikati nafasi niliyoichora kwa umbo la yai. Picha ilikuwa ya pembe nne. Mtu mwenye akili angebadilisha ukurasa. Mimi nilibadilisha picha. Nilimkata mama kwa mkasi, taratibu, kwa ustadi ambao mpaka leo nauonea aibu, nikambandika. Alienea vizuri sana. Mabaki niliyatia kwenye kopo la maziwa ya unga ninamowekea vipande vyote, maana mimi karatasi situpi. Katika kukata huko nilijikata na mimi mwenyewe nikatoka pichani, lakini hilo halikunisaidia baadaye.

Krismasi nilikwenda Ilula na kitabu kwapani, nikijua nitasifiwa. Dada alifungua ukurasa wa mama na kuutazama kwa muda mrefu.

"Na mimi?" aliuliza.

Nilikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Nikachagua hili: "Mbona hapa muhimu ni mama, dada."

"Sawa," akasema. Akafunga kitabu, akanirudishia, akaenda kupanga nyanya zake.

Ile sawa ndiyo ilikuwa neno la mwisho. Simu zangu hazikupokelewa tena. Za mume wangu zilipokelewa. Walizungumza mvua, bei ya mbolea na afya za watoto, kisha wakaagana kwa heshima zote. Kabla ya hapo, kila mwisho wa mwezi dada alikuwa anapakia ndoo ya nyanya kwenye basi la Mbeya na kunipigia niende kuipokea stendi. Ndoo ile ilikoma. Nikaanza kununua nyanya kwa mafungu, kama mtu asiye na ndugu.

Nilichukua muda mrefu kukubali kwamba kosa ni langu. Kwanza nilimlaumu yeye kwa kuwa na moyo mgumu, halafu umeme, halafu studio. Waliopatikana wa kulaumiwa walipoisha, nilikaa mezani nikaamua kumtengenezea kadi ya kumwomba radhi, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoiweza.

Nilipokuwa natafuta kipande cha karatasi nyekundu kwenye kopo la maziwa, nikamtoa dada. Alikuwa bado na gauni lake jeupe, amekatwa kwa mpindo upande mmoja. Begani kwake kulikuwa na vidole vinne. Sikuwa nimeviona siku ile nakata, kwa sababu nilikuwa natazama mstari, sitazami watu. Mama alikuwa amemwekea dada mkono begani, na mkasi wangu ulipita kwenye kifundo cha mkono. Nilifungua kitabu nikatazama upande wa pili. Mama wa kwenye yai hakuwa na kiganja cha kulia. Mkono wa kushoto, ule wa upande wangu, ulikuwa umeshika mkoba.

Kadi ilinichukua wiki mbili. Nilichonga muhuri wa nyanya, nikagonga safu nzima mbele, nikazipaka wekundu kwa maka peni. Ndani nilibandika kile kipande, dada na vidole vinne. Chini nilianza kwa mstari wa Biblia, nikaona najificha nyuma yake, nikatengeneza kadi nyingine na kukihamishia humo kile kipande. Ya pili niliandika hivi tu: Dada, nilikata. Nisamehe.

Kama ningeishia hapo mambo yangekuwa mepesi. Lakini mimi kitu changu hakitoki nyumbani kikiwa utupu. Niliitia kwenye bahasha ya krimu, nikaandika jina lake kwa herufi za kupinda, nikafunga utepe wa dhahabu na kugonga njiwa wawili kwenye kona. Kisha nikamkabidhi kondakta wa basi linalopita Ilula, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Siku nne baadaye simu yangu ililia ujumbe. Dada alikuwa amenitumia shilingi elfu thelathini. Hakukuwa na neno lingine.

Nilisoma ujumbe ule mara nyingi. Nikaona maana yake ni moja tu: chukua hela yako, usinisumbue. Nilipandwa na hasira, na nikiwa na hasira mimi huwa mwepesi sana wa kutenda. Nikairudisha yote, makato juu yangu. Kwetu mtu anaweza kuchelewesha mchango, anaweza kuahidi na asitoe, na bado mtasalimiana kanisani. Lakini hela iliyoshatolewa hairudishwi. Nilijua hivyo nilipokuwa nabonyeza.

Kesho yake, mapumziko ya saa nne, simu ikaita. Nilikuwa kwenye korido ya shule, karibu na ubao wa matangazo.

"Kamwene," ilinisalimia sauti ya dada kwa kikwetu.

"Kamwene, dada."

"Kwema huko?"

"Kwema."

"Kwema gani na hela inarudi! Imevunjika?"

"Imevunjika nini?"

"Si harusi! Au ni kipaimara cha mtoto kimeahirishwa? Niambie tu, usinifiche. Mtu harudishi mchango hivihivi. Usiku kucha nawaza kuna nini huko kwenu."

Binti yangu wa kwanza alikuwa kidato cha pili. Nikauliza harusi ya nani.

"Nitajuaje mimi? Si wewe umeleta kadi!"

"Dada, umeifungua?"

"Kadi inafunguliwa ili iweje? Ninazo kumi na moja nyuma ya saa. Ndani ni watu wamevaa suti na namba ya mweka hazina. Namba yako ninayo, nikatuma."

Hapo ndipo nilipouona utepe wa dhahabu kwa macho yake. Katika nchi hii hakuna mtu aliyewahi kupokea bahasha ya krimu yenye njiwa wawili akadhani anaombwa radhi. Na mwanamke huyu, ambaye hakutaka hata kusikia sauti yangu, alipoona nina shughuli alichangia. Hakuuliza ni ya nini.

"Ifungue," nikamwambia.

"Mikono ina nyanya."

"Futa."

Nikasikia beseni likisukumwa, lori likishuka gia, na mtu akimwuliza bei akajibiwa asubiri. Kisha karatasi.

"Hizi hoho?"

"Ni nyanya."

"Nyanya haina mabega namna hii. Na mimi ndo naziuza." Kisha akaifungua ndani. Yule mteja aliuliza tena bei, safari hii hakujibiwa.

"Huu mkono wa mama," dada alisema.

"Ndiyo."

"Kumbe alinishika."

"Alikushika, dada."

"Miaka yote iko ukutani pale, mi natazama gauni."

Nililia. Niligeukia ubao wa matangazo, nikajifanya nasoma ratiba ya zamu. Mwalimu mwenzangu alipita akaniuliza kama nimepangwa zamu ya wikiendi, nikaitikia kwa kichwa.

"Na mama aliyebaki, unaye?" dada aliuliza.

"Ninaye."

"Mlete."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la alfajiri na kitabu changu, kipande changu cha picha kutoka kwenye kopo, kibegi cha vifaa, na kilo kumi za mchele wa Ubaruku, kwa kuwa kwa dada mkubwa hakwendwi mikono mitupu, na mwenye kosa ndiyo kabisa. Nilifika Ilula mchana. Dada alikuwa kwenye meza yake ya nyanya. Alinitazama tangu nashuka mpaka namfikia, hakunipokea mchele.

"Umekuja na mkasi?"

"Sikuja nao."

"Fungua begi."

Nikafungua. Alitoa kitu kimoja kimoja: gundi, rula, maka peni, kiazi. Kiazi alikigeuzageuza, akakirudisha bila kuuliza. Ndipo akanipokea mchele, akanishika mkono, tukaingia ndani. Sebuleni msumari wa ile picha ulikuwa bado ukutani, na chini yake alama nyeupe ya pembe nne.

Tuliloweka ukurasa kidogo kidogo kwa kitambaa chenye maji mpaka mama akabanduka. Dada alimbandua mwenyewe. Mimi nilikatazwa kugusa. Tukawapanga juu ya manila mpya, dada kulia, mama katikati, mimi na viatu vyangu kushoto. Gundi alipaka yeye, nyingi mno, ikamwagika pembeni, nikaikalia mikono yangu. Vipande vilikubaliana karibu kila mahali. Pale kwenye kifundo cha mkono havikukutana. Mkasi ulikuwa umekula upana wa njiti ya kiberiti, na katikati ya mkono wa mama ulibaki mstari mweupe.

"Huu hauondoki?" dada aliuliza.

"Hauondoki."

Aliutazama. Kisha akavuta kibegi changu, akazijaribu maka peni moja moja nyuma ya kiganja chake. Zile tatu zilizokauka alizitupa dirishani. Akachagua ya njano. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, na kwa mkono wa mtu ambaye hajashika kalamu ya rangi tangu darasa la tatu, akaupitia ule mstari mweupe kutoka juu hadi chini, akarudia, akaunenepesha, akauwekea nukta tatu. Ilikuwa bangili.

Mama hakuwahi kuvaa bangili maisha yake yote. Alisema zinagonga kwenye sufuria.

"Imempendeza," dada akasema, na kuitundika kwenye msumari gundi ikiwa haijakauka.