Rubani Mtulivu

Mzee mmoja mzamiaji huwateremsha watalii baharini wakaione ndege ya vita iliyozama. Vidole vyake vimekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, na huongea kwa kupayuka, maana masikio yake hayaishi maji. Akifika chini hugonga bawa mara tatu, kisha humpigia saluti chewa, samaki mnene anayeishi kwenye kiti cha rubani. Mtalii asiyepiga saluti hateremshwi tena, hata alie. "Miaka ishirini yuko pale," humsifia, "na hajapata ajali hata moja!" Lakini yeye mwenyewe ndege ya angani hakuwahi kuipanda. "Naijua inakoishia," husema, na mazungumzo yamekwisha.

Sasa binti yao kajifungua ng'ambo, na mjukuu hawezi kuogelea kuja kwa babu. Ndiyo maana leo mkewe kambana kwenye kiti cha dirishani ndani ya ndege, miwani ya kuzamia ikimning'inia shingoni. Kwanza mzee aligonga ukuta wa ndege mara tatu. Kisha akamkosoa mhudumu namna ya kuvaa koti la kujiokolea, akawageukia waliokaa nyuma na kuwafundisha kupumua taratibu. Mkewe alitamani ardhi ipasuke, ila ardhi yenyewe ilikuwa inaachwa. Mara spika zikakoroma, rubani akawakaribisha abiria, akataja hali ya hewa na kutania kidogo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, jasho likimtoka, akaukamata mkono wa mkewe.

"Mama, tumekwisha!" akapayuka, ndege nzima ikageuka. "Rubani ni mtu!"